Vakansi ya Beni Bila Ngano

Juzi wamekuja kung'oa mashine ya kusaga iliyokuwa mteremkoni chini ya nyumba yetu. Kelele ndiyo iliyonitoa, na anayenijua anajua kwamba kunitoa mimi nje ya kiwanja si kazi ndogo. Kuna miezi ambayo safari yangu ndefu kabisa ni kutoka jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo. Lakini nilitoka, nikasimama na akina mama wa mtaa, tukaangalia wanaume wanne wakibeba ule mwili wa chuma kama wanabeba mgonjwa mnene. Walipouinamisha, ukamwaga unga. Miaka yote hiyo tangu ulipozimwa, bado ulikuwa na kitu tumboni: weupe wa muhogo, manjano ya mahindi, hudhurungi ya ngano, vyote vimeshikana kama udongo wa ukutani. Harufu ikapanda, ya chuma na mafuta ya mazuti na muhogo uliochachuka, na chini yake kabisa harufu tamu ya ngano. Wenzangu walirudi nyuma kukwepa vumbi. Mimi nilisogea nichungulie, na pale pale nikawa na miaka tisa, beseni kichwani.

Mdogo wangu anaitwa Katungu. Wakati huo alikuwa na miaka sita, na alikuwa na tumbo. Kwetu Butembo kila mtoto ana tumbo, lakini la Katungu lilivimba kama ngoma huku mikono yake imebaki vijiti. Alipewa dawa za minyoo mpaka nadhani minyoo ya mtaa mzima ilihama. Alipewa majani machungu, akayatapika juu ya viatu vyangu. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanza shule ya msingi. Siku ya tatu alishindwa kupanda mlima wa shuleni, akarudishwa nyumbani mgongoni mwa mtu, na direkta, mkuu wa shule, akamwambia Mama amlete tena atakapokuwa na nguvu. Shati jeupe na sketi ya bluu vikaingia sandukuni. Kila Jumapili baada ya misa Katungu alivitoa, akavikunjua, akavikunja tena, akavirudisha.

Kisha tukapata daktari mmoja kijana aliyekuwa amesoma mbali. Huyo hakutoa dawa. Alichukua damu, akangoja majibu wiki nyingi, akawaita Papa na Mama. Mimi sikuitwa, lakini niliingia.

"Ni ngano," akasema. "Mukate hapana. Mandazi hapana. Chapati, makaroni, biskuti, hapana. Hata ya kuonja, hapana. Ndani ya ngano kuna kitu, jina yake gluteni, ndiyo inafanya kinyunga ivutike. Tumbo ya mutoto haipatane nayo."

Papa alikuwa fundi wa mapaa, lakini kabla ya kuwa fundi alikuwa mtoto wa shamba la ngano, juu kabisa kwenye baridi ya Lubero. Alivua kofia yake taratibu.

"Daktari, mimi nilikula ngano mbele ya kuota meno. Angalia mimi."

"Papa, hatuko napima weye," daktari akamjibu.

Akasema tumrudishe Katungu kwenye mzani mwisho wa vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule. Akiongeza hata nusu kilo, atamwandikia direkta karatasi, na mtoto ataanza shule. Asipoongeza, abaki nyumbani mwaka mwingine. Katungu alishika kona ya meza ya daktari kama anaipima yeye.

Njiani Papa alikuwa anajisemea, kwa sauti ya mtu ambaye ukoo wake umetukanwa. "Ngano ni chakula ya heshima. Ni kitu ya baridi. Peleka mbegu Beni, hata jani moja haitatoka. Joto inaiua." Alikuwa anaisifu, nadhani. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kukusanya maneno ya wakubwa na kuyajengea nyumba. Wiki nzima nililala na hilo neno, nikaamka nalo: joto linaua ngano. Basi gluteni ya daktari, kitu ambacho nilikuwa nimekitafuta kwenye unga wa Mama kwa kuusambaza juani na kuukodolea macho bila kukiona, kumbe kilikuwa kinaishi Butembo tu, kwenye ukungu wetu na mikaratusi yetu. Ukikiteremsha Beni kinakufa. Nilishangaa daktari aliyesoma mbali hivyo hakulijua.

Na kama vile mbingu ilinisikia, Papa akapata kazi Beni. Mnunuzi mmoja wa kakao alitaka paa jipya kwenye depo yake, ghala la kakao, kazi ya wiki mbili, na alikuwa na nyumba tupu ya vyumba viwili na jiko la nyuma ambayo fundi angelalamo. Mwaka huo barabara ilikuwa bado ya kupita ukisali mara moja tu. Papa akasema twende wote, itakuwa vakansi. Sisi tulikuwa hatujawahi kwenda vakansi. Tulikuwa tumeenda kwa ndugu tu, na kwa ndugu unakula kile kimewekwa mbele yako. Nani angemwambia shangazi aliyeamka alfajiri kukukandia mandazi kwamba mtoto hayataki? Hata neno gluteni lingeonekana tusi la Kifaransa. Ndiyo maana Mama, aliyekuwa haogopi kitu isipokuwa kukosea heshima, alifurahia lile jiko kuliko Beni yenyewe.

Akaniketisha na daftari langu la hesabu, kurasa za nyuma. Yeye alisema, mimi niliandika. Pesa ilikuwa chache, kwa hiyo ilibidi kujua kipi tuteremke nacho na kipi tukinunue kule. Viazi, maharage, kabeji, poro, vile vitunguu vya majani marefu, na kipande cha jibini vitoke Butembo, maana kwetu ni rahisi. Ndizi, sombe ya majani ya muhogo, mawese na mchele tutavikuta chini, Beni. Unga wa muhogo wa bugali tusage hapa hapa, mashine tunaijua.

"Andika. Siku ya kwanza, viazi na maharage."

"Ya pili?"

"Bugali na sombe."

"Ya tatu?"

"Viazi na maharage."

"Mama, hiyo tutakuwa tulisha kula siku ya kwanza."

"Unafikiri tunaenda oteli? Andika."

"Na asubuhi?"

"Ndizi ya kuchemusha. Siku ingine uji ya muchele."

Niliinua kalamu. "Na mandazi yangu?"

Hapo Mama akaniangalia. "Nyumba moja, sahani moja. Mutoto hatakula pembeni peke yake sawa mugonjwa. Kama yeye hakule ngano, hakuna mutu anakula ngano. Hata Papa yako."

Papa alikohoa mlangoni. Mimi niliandika, lakini kwa herufi ndogo za hasira. Sasa naweza kukiri kwamba wakati huo mandazi yalikuwa dini yangu ya pili, na siku nyingine ya kwanza.

Kwenye mashine nilitumwa mimi, beseni la mihogo mikavu kichwani. Hapo palikuwa na desturi ambayo kila mtoto wa mtaa aliijua: mashine isisage hewa. Ikizunguka tupu, chuma kinapata moto na mwenye mashine anapata hasira zaidi ya chuma. Kwa hiyo unamwaga vyako wakati vya mwenzako vinamalizikia kushuka. Kila mtu alirudi nyumbani na konzi moja ya unga wa jirani, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu naye alikuwa ameacha konzi yake. "Hapa tunakulaka pamoja bila kualikana," akina mama walitania. Siku hiyo mama mmoja mwenye gunia kubwa alinionea huruma, akanivutia nyuma yake moja kwa moja, nikawaruka watu wanane. Nilirudi kifua mbele.

Tulishuka Beni juu ya lori, tumekaa kwenye viazi vyetu. Kila kona ilitupa joto kidogo zaidi, na mimi nilikuwa navua sweta nikihesabu gluteni zinazokufa. Beni ilinuka kakao iliyotandazwa kwenye maturubai, harufu kali ya siki ambayo nilitegemea iwe ya chokoleti, nikahisi nimedanganywa. Muziki wa Kilingala ulitoka upande wa kambi ya wanajeshi, pikipiki zilipita zikipiga honi kama zinagombana.

Jirani yetu aliitwa Mama Zaituni. Mume wake alikuwa dereva wa lori la mpakani Kasindi, hivyo yeye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba. Kila asubuhi aliweka karai mbele ya mlango na kukaanga mandazi ya kuuza, hatua kumi kutoka pale nilipokalia ndizi yangu ya kuchemsha. Alituangalia tukishusha kabeji na poro.

"Banande ya juu," akasema kwa kucheka, akitutaja kwa kabila letu, "munabeba shamba munakuya nayo? Beni hakuna chakula?"

Mama alimweleza habari ya tumbo la Katungu. Kuanzia hapo Mama Zaituni akawa anamwita Mama "Mama Katungu" na Papa "Papa Katungu". Mimi, mkubwa, hakuna aliyeitwa kwa jina langu. Niliwaza kwamba ningejua, nami ningeugua mapema.

Siku ya kwanza ilienda vizuri. Siku ya pili, jioni, Katungu akajikunja mkekani na kuanza kulia taratibu, kilio chake kile cha mtu asiyetaka kusumbua. Mama alilaumu maji, akayachemsha mara mbili. Siku ya tatu mtoto akacheza. Siku ya nne akajikunja tena. Mama akalaumu mawese. Papa hakulaumu kitu, alitafuna tu, na kutafuna kwake kulikuwa na maneno.

Siku ya tano nilifanya utafiti wangu. Sitaki kujisifu, lakini kabla ya kumpa mtu chochote nilikwenda kuomba kwa Mama Zaituni kipande cha kinyunga kibichi cha mandazi. Nilikivuta. Kilivutika kama mpira, kikarudi. Daktari alikuwa amesema gluteni ndicho kitu kinachofanya hivyo. Mtoto mwenye akili angejua kwamba basi kimefika Beni salama salimini. Mimi niliamua kwamba kinajivuta kwa sababu kinakata roho. Nikaosha vyombo vya Mama Zaituni, akanipa andazi moja, na nyuma ya choo nikaligawa mara mbili.

"Kula. Huku haina nguvu," nikamwambia Katungu. "Joto ilisha iua."

"Nani alisema?"

"Papa."

Alikula nusu yake akiniangalia usoni kwa macho makubwa, kama anayepokea komunyo. Usiku ule ule tumbo lilimshika kuliko siku zote, na mimi nikalala nimebana shuka kwa meno.

Asubuhi Papa hakuvaa viatu vya kazi. Alisimama katikati ya nyumba.

"Mama, tuliacha ngano yote. Si kweli? Hakuna mukate humu, hakuna biskuti. Na tumbo iko vile vile. Donc, basi, haikuwa ngano. Leo nikitoka kazini naleta mukate, mutoto akule sawa batoto bengine. Huyu daktari anatucheza."

Mama alikuwa anaosha maharage. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Na Katungu, kwenye mkeka, aliuliza kitu kimoja tu: "Na karatasi ya direkta?"

Nataka wanaonisoma wajue hali yangu. Mkate ulikuwa njiani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, jambo ambalo leo nalifanya vizuri, siku tatu mfululizo bila shida. Lakini kama mkate unaingia, ni kwa sababu ya andazi langu, na ile sketi ya bluu itarudi sandukuni kwa sababu yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimupa mandazi."

Nilingoja kofi. Mama aliifuta mikono kwenye kitenge, polepole. "Siku gani?"

"Jana."

"Leta daftari."

Nikaleta. Akaweka kidole kilicholowa juu ya mwandiko wangu wa hasira. "Jana ni jana. Lakini tumbo ilianza siku ya pili. Soma, siku ya pili tulikula nini?"

"Bugali na sombe."

"Ya tatu?"

"Viazi na maharage."

"Katungu, siku ya viazi tumbo iliuma?"

"Hapana. Niliruka kamba."

"Ya ine?"

"Bugali," nikasema.

Mama akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa unga. Alimwita Mama Zaituni, kwa kuwa yule alishika unga kila siku ya Mungu. Wakaumwaga kidogo kwenye ungo, mlangoni, penye jua. Mama Zaituni akapitisha kidole.

"Bunga ni nzuri," akasema. "Lakini hii bidoadoa ni nini? Muhogo haina rangi hii."

Sote tuliinama. Vilikuwa vidoa vidogo sana, vya hudhurungi, vyepesi. Mimi niliyekuwa nimekitafuta kile kitu juani wiki nzima kule Butembo, nilikuwa nakiona sasa na sikujua ninachokiona. Papa ndiye aliyejua. Alilowesha ncha ya kidole, akaokota kidoa kimoja, akakisogeza karibu na jicho, kisha akakiweka ulimini. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Ni ganda ya ngano," akasema. "Ngano ya kwetu."

Halafu macho yote yakageuka, na mimi nikajua yanakoelekea.

"Kwenye mashine," Mama akauliza, "nani alikuwa mbele yako?"

Nikamkumbuka yule mama mwenye huruma. Nikakumbuka gunia lake, na lile vumbi tamu lililokuwa linatoka kwenye mdomo wa mashine wakati namwaga mihogo yangu juu ya ngano yake, mashine isisage hewa, nikiwaza ni bahati gani niliyopata.

"Kumbe batu babili banakuloga, Katungu," Mama Zaituni akasema, "na bote ni huyu yaya yako." Kwetu yaya ni dada mkubwa, na Katungu akacheka. Alikuwa na haki. Mimi nilicheka miaka mingi baadaye.

Mama hakunipiga. Alifanya vibaya zaidi, akanipa kazi. Ule unga tulimpa Mama Zaituni, naye akatupa mihogo mikavu na kinu chake. Mama alikizunguka kile kinu kama polisi wa mpakani.

"Haijatwanga ngano hata mara moja?"

"Mama Katungu, ngano nanunuaka ilisha sagwa. Hiki ni cha mihogo na sombe tu."

Chekecheo la Mama Zaituni, hilo alilikataa kwa heshima, maana lilichekecha ngano kila alfajiri. Akachukua kitambaa chake chepesi cha kichwa, kile cha misa, akakikaza juu ya sufuria. Tukachekechea hapo. Nilitwanga asubuhi na jioni, viganja vikatoka malengelenge, na Katungu alikaa pembeni akinihesabia mapigo ili asahau njaa. Hilo ndilo jambo jipya: alikuwa na njaa. Daftari tuliliandika upya, na sasa ndizi zilikuwa nyingi, kwa sababu Beni ndizi ndizo zinazokutafuta wewe. Za kuchemsha, za kuchoma, za kupondwa na maharage. Siku ya tisa Katungu aliisukuma sahani yake tupu mbele, akauliza, "Iko ingine?" Mama alinyanyuka upesi kwenda jikoni na akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kupakua ndizi mbili. Papa hakutaja mkate tena. Aliendelea kula kile tulichokula, na siku moja nilimwona akipita mbele ya karai la Mama Zaituni huku ameangalia upande mwingine, kama mtu anayempita mchumba wake wa zamani.

Tuliporudi, Papa alipanda lori na kitu kimefungwa kwenye gunia. Alikikumbatia kati ya magoti njia nzima, kwenye kila shimo alikiinamia. Nilidhani ni kakao. Kilikuwa kinu, kipya, kimechongwa na fundi wa Beni. Alikiweka jikoni kwetu bila maelezo, akachora msalaba mdogo pembeni kwa patasi yake, na neno pekee alilotoa lilikuwa, "Hiki, ngano isikione." Hakusema hata siku moja kwamba daktari alikuwa na haki. Mtu asidai mengi kwa mtoto wa shamba la ngano.

Siku ya mzani Katungu alivaa ile yunifomu. Mama alimkataza, akavaa. Daktari akasema avue viatu, na yeye akavua hata kibanio cha nywele, ili asionekane mdanganyifu. Akapanda. Sindano ilitikisika, ikapita pale ilipokuwa mara ya kwanza, ikatikisika tena, ikatulia. Ilikuwa imepita nusu kilo, na kidogo zaidi. Daktari alivuta karatasi akaanza kuandika, na Papa, mkono umeshika kofia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo ya zaidi ni mikono yako." Nimeishi na hilo neno. Naogopa limeniharibu, tangu hapo sijaona sababu ya kutoka karibu na kinu.

Katungu sasa anafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, Beni hukohuko kwenye joto linaloua kila kitu isipokuwa gluteni. Juzi, baada ya wale wanaume kuondoka na mashine, nilimpigia simu kumsimulia. Nikamwambia ilivyomwaga unga, na jinsi nilivyoingiza mkono mdomoni mwa mashine mpaka ndani nikakwangua kidogo, nijue tu.

"Yaya," akasema. "Siku ya Mungu, misa ikiisha, nakuya kula kwako."

"Najua. Natwanga sasa hivi."

"Mukono ulinawa?"

Nikaangalia kiganja changu. Katikati ya mistari kulikuwa na vidoa vidogo vya hudhurungi, vyepesi. Kinu kilikuwa mbele yangu, simu nimeibana begani, mchi nimeushika tayari na mkono ule mwingine.

"Ngoja," nikamwambia, nikauweka mchi chini taratibu, nikaenda kutafuta sabuni.